Anayelala Mlangoni pa Duka: Haki ya Mwenye Mali Inakomea Wapi?

Hoja ninayoiweka mbele yenu ni hii: mfanyabiashara anayekuta watu wamelala barazani pake, na mamlaka inayosimamia kituo cha mabasi, bustani au maktaba, wawatendee vipi watu wasio na pa kulala? Wapo wanaosema mali ni ya mwenyewe na anayo haki ya kumwondoa yeyote asiyemtaka, na wapo wanaosema kumfukuza asiye na kwake ni kumwadhibu kwa umaskini wake. Msimamo wangu nautaja mapema ili anayepinga ajue anapinga nini. Mwenye biashara ana haki ya kudai mlango wake uwe wazi na safi saa za kazi, lakini hana haki ya kuumiza mwili wa mtu ili kulipata hilo. Na mamlaka ya umma haina haki ya kumfukuza mtu kabla haijajibu aende wapi.

Nianze na mwenye duka, ambaye katika mijadala hii huambiwa upesi kwamba hana utu. Anayefika kufungua saa kumi na mbili asubuhi akakuta haja kubwa kwenye kizingiti, katoni zilizolowa na chupa zilizovunjika, ndiye atakayezoa, au atamwagiza mfanyakazi anayelipwa kidogo kuliko wote azoe. Mteja wa kwanza hatauliza nani alilala pale. Atapita aende duka la pili. Hiyo ni hasara ya kweli, na kumhubiria huruma mtu aliyeshika ndoo na ufagio hakusaidii. Hata hivyo, tukiyachambua malalamiko hayo moja moja, tutaona kwamba mengi hayahusu usingizi, yanahusu choo. Vyoo vya umma vikifungwa jioni, na vya migahawa vikawa vya wateja peke yao, aliyebaki nje usiku kucha ajisaidie wapi? Wenye maduka wa mtaa mmoja wakiungana kuidai halmashauri ifungue choo kimoja usiku na kumlipa mtu wa kukisafisha, nadhani watapunguza kero kuliko wakichangishana kuajiri mlinzi wa pili, na nashangaa kwamba dai jepesi kama hilo husikika kwa nadra.

Badala yake, fedha huenda kwenye vyuma. Mwaka 2014 jijini London, miiba ya chuma ilipandwa sakafuni kwenye upenu wa jengo moja la makazi ili mtu asiweze kujinyoosha pale, na ikang'olewa baada ya umma kulalamika. Miaka miwili kabla, halmashauri ya Camden, katika jiji hilohilo, ilikuwa imeweka mabenchi ya zege yaliyochongwa kwa miinamo hata mtu asipate pa kulaza mgongo. Wengine humwaga maji kwenye ngazi usiku au hupiga muziki wa sauti kubwa hadi alfajiri. Aliyekuwa amelala pale huinuka, huchukua katoni yake na kuhamia kwenye baraza la jirani, ambaye naye ataanza kutafuta fundi wa vyuma. Wanaobaki na benchi lisilokalika ni mzee aliyechoka na mama mjamzito anayesubiri basi.

Ndani ya biashara, kipimo changu ni mwenendo, si sura. Anayetukana wahudumu atolewe, awe amevaa suti au matambara. Aliyekaa kimya na kikombe chake aachwe. Najua jambo hili ni gumu kulitekeleza. Mwaka 2018, baada ya wanaume wawili weusi kukamatwa katika mgahawa wa Starbucks mjini Philadelphia walipokuwa wakimsubiri mwenzao bila kununua kitu, kampuni hiyo ilifungua migahawa yake ya Marekani, pamoja na vyoo, kwa yeyote anayeingia. Mapema mwaka 2025 ilirudisha sharti la kununua. Wapo wanaolitumia tukio hilo kuthibitisha kwamba ukarimu haufai. Mimi naona linathibitisha kwamba mgahawa hauwezi kubebeshwa kazi ya serikali, na wahudumu wa kahawa hawakuajiriwa kuwa maofisa wa ustawi wa jamii.

Kwa upande wa umma, sheria zenyewe zinavutana. Uingereza ilitunga sheria ya uzururaji mwaka 1824, na mfano wake ukaenea hadi makoloni ya Afrika, ambako baadhi ya nchi zilizoirithi ziliendelea kuitumia baada ya uhuru. Mwaka 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za namna hiyo haziendani na Mkataba wa Afrika. Kinyume chake, mwezi Juni 2024 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya mji wa Grants Pass, iliruhusu miji kuwatoza faini wanaolala nje hata pale ambapo hakuna kitanda cha kuwapa. Sioni faini hiyo italipwa na nini. Isipolipwa huzaa deni na kumbukumbu ya polisi, na mtu mwenye kumbukumbu hiyo atapangishwa chumba na nani?

Jibu la kawaida ni kwamba tukiwalegezea wataongezeka. Finland ilipoanza mwaka 2008 kuwapa watu nyumba kwanza, bila kuwataka waache ulevi au wapate kazi kabla ya kupewa ufunguo, idadi ya wasio na makazi ilishuka. Pale ambapo nyumba hazipo, yapo mambo madogo: maktaba ya umma ya San Francisco iliajiri mfanyakazi wa ustawi wa jamii mwaka 2009, na watumishi wa vitabu wakapata mtu wa kumwita asiyekuwa polisi.

Linabaki fundo ambalo sijalifungua. Yupo anayepewa kitanda akakikataa. Mara nyingi ana sababu: makazi ya muda huwatenganisha mume na mke, humkataza kuingia na mbwa wake, au mzigo wake huibwa akiwa usingizini. Sababu hizo zinaweza kuondolewa, na ziondolewe kabla hatujamwita mkaidi. Lakini zikishaondolewa zote, naye bado anachagua kizingiti kilekile cha duka, je, mwenye duka afanye nini? Nawaomba hasa wanaopinga kufukuza watu walijibu hilo, na wanaounga mkono faini wanionyeshe mji ambao faini ilimpatia mtu chumba.