Naombeni ushauri: mtu anajuaje kwamba wakati wa kuliomba kanisa msaada wa fedha umefika?

Mtunza Bahasha:
Wapendwa, salaam. Uzi huu nimeuandika mara tatu na kuufuta.

Mkataba wangu wa kazi uliisha miezi mitano iliyopita, haukuongezwa. Akiba imekwisha. Vibarua napata, ila ni vya leo kipo kesho hakipo. Kodi ya nyumba tuna malimbikizo ya miezi miwili na mwenye nyumba ametuletea barua: mpaka mwisho wa mwezi ujao tulipe au tuhame. Ndugu walitusaidia mwanzoni, nao wana yao. Mke wangu anasema twende kanisani tukaseme. Mimi mdomo unakuwa mzito.

Sababu ni hii. Miaka sita nimekuwa kwenye kamati ya fedha ya kanisa letu. Barua za wanaoomba husomwa pale mezani, na ingawa tunaambiwa ya mezani yabaki mezani, siku moja nilimsikia mjumbe akiuliza, "Huyu si ndiye aliyenunua gari juzijuzi?" Ombi lile likakataliwa. Sikusema kitu. Sasa kila nikishika kalamu niandike barua yangu, sauti ile inanirudia.

Jumapili iliyopita nilitia kapuni bahasha tupu. Bahasha zetu zina namba. Najua kinachofuata: ikikutwa tupu huwekwa pembeni, na kwenye daftari mbele ya namba hupigwa kistari. Hakuna anayesema neno, lakini waliopo mezani wanazijua namba kwa moyo. Usingizi umenipaa tangu siku ile.

Je, hii ni shida ya kupeleka kanisani, au nijibane kidogo zaidi? Nawasilisha.

Jasho Kwanza:
Pole sana mkuu. Mimi naona ujibane. Kanisa si benki. Paulo aliwaambia Wathesalonike kwamba asiyetaka kufanya kazi na asile. Mfuko huo huo unasubiriwa na wajane na yatima.

Bibi Shemasi:
Jasho Kwanza mwanangu, rudia kulisoma lile neno: *asiyetaka*. Huyu anataka, kazi ndiyo haipo.

Mtunza Bahasha, pole baba. Nimehudumu ushemasi miaka mingi na swali lako ndilo ninaloulizwa kuliko yote. Fungua Wagalatia 6. Aya ya 2 inatuambia tuchukuliane mizigo. Shuka mpaka aya ya 5: kila mtu atalichukua furushi lake mwenyewe. Wako wanaodhani Paulo anajipinga. Hajipingi, kwa Kigiriki ametumia maneno mawili tofauti, na waliotutafsiria walilitunza hilo: huku mzigo, kule furushi. Furushi ni lile unaloamka nalo kila siku, chakula chako na kodi yako ya mwezi. Mzigo ni ule unaokuangukia ukiwa tayari na furushi begani. Kazi imekatika, akiba imekwisha, ndugu wameshatoa, na barua ya kuhama iko mkononi. Huo ni mzigo, baba.

Na Timotheo wa kwanza sura ya 5 inataka jamaa waanze kuwatunza walio wao, kanisa lisilemewe. Mlango huo umeshaupita.

Kuhusu wakati, nitasema kwa uchungu kidogo. Wengi huja kwangu jioni, na asubuhi yake vyombo vinatolewa nje. Hapo hata tukitaka tunakwama: fedha inahitaji sahihi, na kamati haikutani kila siku. Anayekuja akiwa na wiki nne mkononi naweza kumsindikiza kwa mwenye nyumba tukaongea, na mara nyingine maongezi hayo tu yanatosha kusogeza siku. Yule mjane wa Wafalme wa Pili sura ya 4 alimlilia Elisha wakati aliyemdai amekuja kuwachukua wanawe wawili. Watoto walikuwa bado wako nyumbani.

Ukishaiona tarehe, nenda. Na nakusihi usikope ulipe kodi kwanza halafu uje. Kodi tunaujua mwisho wake. Deni la riba mwezi huu ni hili, mwezi ujao ni lingine, na kamati nyingi huogopa kuligusa.

Daftari la Mhazini:
Naunga mkono. Nyongeza yangu: nenda na karatasi moja. Kinachoingia, kinachotoka, unachodaiwa, na kile hasa unachoomba. "Nisaidieni" ni neno gumu kwa kamati, halina pa kushikia. "Naomba kodi ya miezi miwili, ilipwe moja kwa moja kwa mwenye nyumba" linajibika hata na mwenye mashaka.

Msafiri wa Jioni:
Mimi niliomba nikapewa, na nashukuru. Lakini Jumapili mbili baadaye nilikuta habari yangu ndani ya mahubiri. Jina halikutajwa, ila watoto wangu walitazamwa na benchi zima. Tulihama kanisa lile, sitalitaja. Kwa hiyo kabla hujafungua moyo uliza: nani atajua? Itaandikwa wapi? Ninakoabudu sasa, mchungaji na mhazini ndio pekee wanaolijua jina. Kamati hupewa namba na maelezo ya shida, basi. Kuuliza hivyo si utovu wa adabu.

Wa Jumuiya:
Kwetu Wakatoliki kuna Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, kilichoanzishwa Paris mwaka 1833 na Frédéric Ozanam na wenzake, vijana wa chuo. Wanachama wake humtembelea mhitaji nyumbani, kwa kawaida wakiwa wawili, na hawaulizi dini. Nilipougua walikuja kwangu. Mmoja alikaa sakafuni akamsaidia mwanangu hesabu za shule huku mwenzake akiongea nami. Mpaka leo nakumbuka zile hesabu kuliko hata fedha.

Mtunza Bahasha:
Shikamoo bibi. Nimesoma yote, na mke wangu nimemsomea. Mawili yananisumbua bado. Nitaombaje kwenye kamati ambayo mimi ni mjumbe? Na sadaka je? Naona aibu kupokea wakati sitoi.

Bibi Shemasi:
Marahaba baba. Siku ya kujadili ombi lako utoke nje, na uombe iandikwe kwenye muhtasari kwamba ulitoka. Sadaka: Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba mtu hukubaliwa kwa kadiri ya alicho nacho, si kwa asichokuwa nacho. Usitie tena bahasha tupu. Kapu likifika, lipokee umpe jirani. Miaka sita umewahesabia wengine, na waraka ule ule unasema wingi wa huyu leo ni kwa upungufu wa yule, nao wingi wa yule kesho ni kwa upungufu wa huyu.

Jasho Kwanza:
Mkuu, nimekusoma upya. Nilijibu haraka, unisamehe. Nenda.

Mtunza Bahasha:
Mrejesho. Tulikwenda jana jioni, mimi na mke wangu. Nilishindwa kuanza, akaanza yeye, akaiweka karatasi mezani. Mchungaji aliisoma mpaka chini, kisha akauliza kwa nini sikusema tangu mwezi wa kwanza. Nikamweleza habari ya lile swali la gari, na kwamba nilikuwapo nikanyamaza. Alikaa kimya kitambo. Akasema kuanzia kikao kijacho barua zitasomwa kwa namba, bila majina, na yule aliyekataliwa siku ile atamwendea mwenyewe. Nimeomba niende naye.

Jibu la kodi bado. Kamati inakaa Alhamisi, na mimi nitakuwa nje.