Risiti za kikoba: zote folda moja, au kila kikao na folda yake?

Katibu_Mbagala: Wakuu, kumbukumbu za kikoba chetu naziandika kwenye Org mode, mfumo wa noti ndani ya programu ya Emacs, maandishi matupu, mwaka wa tatu huu. Kinachonitesa ni viambatisho: picha za risiti, fomu za mikopo. Nikiambatisha, Org inazipeleka kwenye folda ya data, ndani yake folda ya herufi mbili, ndani yake tena folda yenye mlolongo wa herufi na tarakimu zisizosomeka. Juzi mweka hazina kanidai risiti ya maturubai mbele ya wanachama. Nimefungua simu, nikabaki nakodoa macho. Nizimwage zote folda moja?

fundi_friji: Usithubutu. Hizo herufi ni ID, utambulisho ambao Org inakipa kichwa cha noti yako. Mbili za mwanzo zinakuwa folda, zilizobaki folda ya ndani. Badilisha kichwa mara kumi, kiambatisho hakipotei. Ukizimwaga pamoja, siku picha ya WhatsApp IMG-20240312-WA0007 ya simu yako ikikutana na yenye jina hilohilo ya mweka hazina, moja inaweza kuifuta nyingine. Na katibu anayeacha risiti ya hela za watu na jina la WA0007 asiisingizie programu.

Katibu_Mbagala: Hilo la mwisho limeniuma. Kikao kinaisha jioni, nina risiti 40, mtoto mgongoni, watu wanasubiri hesabu. Nani akae abadilishe majina 40?

Nyuki_Tanga: Pole dada. Fundi, si kila mtu anashinda kwenye kompyuta.

fundi_friji: Hata mimi sishindi, nashinda nimeinamia mafriji. Ila jina nabadilisha palepale mteja hajaondoka: 2024-03-12-gesi. Basi.

Mzee_Kigoda: Tarehe huanza na siku, wanangu. 12-03-2024. Stakabadhi zote ndivyo zinavyoandikwa.

fundi_friji: Shikamoo mzee. Ukianza na siku, tarehe 12 za miezi yote zinarundikana pamoja. Mwaka ukiwa mbele, faili zinajipanga zenyewe.

Mzee_Kigoda: Marahaba. Mkaguzi wetu hapangi, anasoma. Nilimwonyesha ya kwako hiyo akaniuliza ni Machi au Desemba. Nimjibu nini mtu mzima?

fundi_friji: Mjibu Machi, mzee!

Nyuki_Tanga: Mnagombania tarehe, dada hajajibiwa. Chini ya kichwa cha kikao weka sifa ya DIR, mstari wa kuiambia Org pa kuweka, uitaje folda unayoitaka wewe, mfano risiti/2024-03-machi. Org itaweka humo. Hiyo folda ya data nayo inatafutwa kando ya faili ya noti. Mimi nilihamishia noti kwenye faili ya folda nyingine, viambatisho vikabaki nyuma. Wiki nzima natafuta mkataba wa pango.

fundi_friji: Na ukija kuibadilisha jina folda hiyo ya DIR kwa mkono, noti haiioni tena. Folda ya ID nani atahangaika kuibadilisha jina?

Katibu_Mbagala: Fundi, muhula wangu unaisha Desemba. Anayenipokea hajui Emacs, ana simu tu. Nikimkabidhi flashi yenye folda za 3f na a9, nimemkabidhi nini? Nataka aone kikao cha Machi, afungue, akute risiti.

Mzee_Kigoda: Ndiyo maana nasema mwezi uandikwe kwa maneno. Machi-12.

fundi_friji: Mzee, Agosti itatangulia Januari!

Mzee_Kigoda: Itangulie. Atasoma.

Nyuki_Tanga: Ndiyo maana nikaandika 2024-03-machi. Tarakimu za kompyuta, neno la mkaguzi.

Katibu_Mbagala: Nimeanza na Machi, risiti 11 zimeshaingia. Ile WA0007 ndiyo ya maturubai, haki ya Mungu. Lakini imepigwa gizani, tarehe ya dukani haisomeki, na ile ya kwenye jina ni siku niliyotumiwa, siyo siku tuliyonunua. Fundi, sasa hii naiitaje?