Natia kiraka draiva ya waifai, naambiwa "patch: command not found"

fundi_mdogo
Wakuu, shikamooni. Laptopu ya zamani nimeiwekea Debian 12 (mfumo wa Linux) tupu, bila mazingira ya picha. Draiva ya waifai ya USB inagoma kujengwa kwenye kerneli 6.1 (kiini cha mfumo), nikapata kiraka chake (faili la marekebisho ya msimbo) na kukileta kwa flashi. Nikaandika `patch -p1 < rekebisha.patch`, nikajibiwa "bash: patch: command not found". Hata make, ya kujengea draiva, hakuna. Nimehariri mistari kwa mkono tangu mchana, macho yanauma. Intaneti sina, maana waifai ndiyo hiyo ninayoihangaikia.

seva_usiku
Marahaba. Acha kuhariri kwa mkono, utaharibu zaidi. Debian ikiwekwa tupu haiji na patch wala make. Chomeka simu kwa waya, washa kugawa intaneti kwa USB, ingia root (mtumiaji mkuu), uombe anwani ya mtandao kwa `dhclient usb0` (jina lenyewe litazame kwa `ip a`). Kisha `apt update` na `apt install build-essential linux-headers-$(uname -r)`. Hiyo build-essential inakuja na gcc (ya kutafsiri msimbo kuwa programu), make, na patch pia.

fundi_mdogo
usb0 naiona. Nimeingia root kwa `su`, lakini sasa "dhclient: command not found". Nayo niitoe wapi bila intaneti?

mama_mitandao
Mwanangu, hiyo unayo. Jaribu `ls /usr/sbin/dhclient` uione. Tangu Debian 10 ya 2019, `su` peke yake inakuacha na PATH (orodha ya folda ambamo amri hutafutwa) ya mtumiaji wa kawaida, na /usr/sbin haimo. Toka, uingie upya kwa `su -`, usisahau kistari. Bila hicho, depmod na modprobe, za kuorodhesha na kupakia draiva, nazo zitakukana mwishoni. Patch haikuwepo kweli. Dhclient ipo, ila haitafutwi ilipo. Ujumbe ni uleule, dawa mbili.

Na kabla ya kutia kiraka, ingia ndani ya folda ya draiva, uongeze `--dry-run` uone kama kitakaa. Hiyo -p1 inakata ile a/ na b/ mwanzoni mwa majina ya faili.

fundi_mdogo
Ahsante sana mama, kistari ndicho kilikuwa kinanikwamisha! Dry-run ilileta "Hunk #3 FAILED" (kipande cha tatu cha kiraka kimegoma), pale pale nilipokuwa nimehariri kwa mkono. Nikafuta folda, nikafungua draiva upya, kiraka kikakaa chote. Make imepita, modprobe imekubali. Simu nimeichomoa, naandika haya kwa waifai yenyewe.