Rafiki ameshindwa kuhama sigara kwenda vepu (sigara ya kielektroniki)

Swali: Rafiki yangu huvuta sigara 20 kwa siku. Vepu yake ina nikotini ya 3 mg/ml. Anakohoa, kisha anarudia sigara. Nimsaidieje?

Jibu: Pole. Hiyo 3 ni ndogo mno kwake, kiu ya nikotini haikatiki. Mvutaji wa kiasi hicho kwa kawaida huanzia 18 hadi 20 mg/ml, kwenye kifaa kidogo chenye mvuke mchache. Nikotini ya chumvi, aina mojawapo ya nikotini ya vepu, haikwaruzi koo sana. Avute taratibu, sekunde 3 au 4. Kuvuta kwa pupa ndiko kunakokohoza.

Jibu: Akiweka koili mpya (waya unaopasha kimiminika cha vepu) na kujaza kimiminika, asubiri dakika 10 pamba yake ilowe, la sivyo itaungua.

Jibu: Akiteleza usimsimange, tafadhali. Kiraka cha nikotini, kinachobandikwa kwenye ngozi, kinaweza kuongezwa. Vepu nayo ina madhara, ila nafuu kubwa huja akiacha sigara zote.