Naomba ushauri: "prickly" ya mmea na "prickly" ya mtu

Mfasiri Mchanga: Ndugu wanajamvi, salaam. Nafasiri hadithi fupi ya Kiingereza kwa ajili ya wanafunzi wa kidato cha pili, na nimekwama kwenye neno "prickly". Mwandishi amelitumia kwa ua wa mipungate uliozunguka nyumba, kisha kwa mjane anayeishi humo. Ua nimeuita "wenye miiba", na mjane vilevile; nilipowasomea, mwanafunzi mmoja aliniuliza kwa dhati kama mama huyo alikuwa mgonjwa wa ngozi. Nifanyeje nisipoteze uhusiano wa ua na mwenye nyumba?

Bi Mkubwa wa Pwani: Mwanangu, lipo neno "harara". Ni vile vipele vinavyowasha shingoni wakati wa joto, ambavyo Waingereza nao huviita "prickly heat". Tena ni wepesi wa hasira, ndiyo maana tukasema fulani ana harara. Neno moja limeshika ngozi na tabia.

Mtunza Bustani: Shikamoo mama. Harara naipenda, lakini naona ni moto wa ndani, humlipukia hata asiyemgusa mwenye nao. Mpungate haumfuati mtu. Ile miiba yake mirefu, ambayo kwa asili ni majani yaliyogeuka, huonekana na hukwepeka. Mashaka yako kwenye vinyweleo vifupi vilivyokaa kwenye shina la kila mwiba, vyenye ndoana ndogo mno, ambavyo hung'oka kwa kuguswa tu na kubaki ngozini. Mwaka jana nilipogoa bila glavu, na kwa siku mbili kila nilipokunja kidole nilichomwa na kitu nisichokiona. Ndivyo alivyo mtu "prickly": unamsemesha neno la kawaida, analichukulia kuwa la kumdharau, nawe unaondoka na jibu linalokuuma hadi nyumbani. Kwa tabia hiyo ningeandika "mwepesi wa kukwazika". Usiandike "haguswi", kwa sababu wasomaji watadhani analindwa na wakubwa.

Msomaji wa Kamusi: Likitumika kwa jambo, si kwa mtu, "suala nyeti" linatosha. Kwa mjane wako, "mwepesi wa kukwazika" ni sahihi kwa maana, ila linaukata ule uzi wa ua unaoutaka. Acha kutafuta kivumishi, chukua kitenzi. Kwetu mwiba huchoma na maneno huchoma, na hakuna mwanafunzi atakayeuliza hayo yanatoka wapi.

Mfasiri Mchanga: Ahsanteni sana. Shikamoo mama, na neno la harara nimelitia akibani kwa mhusika mwingine. Nimeandika hivi: "Ua wake ulikuwa wa mipungate, na mwenyewe, ukimgusa kwa swali hata la heri, alikuchoma."

Bi Mkubwa wa Pwani: Marahaba mwanangu. Weka "hukuchoma", maana hiyo ndiyo tabia yake ya siku zote.