Ukoo wa Babu Tomasi 🔔 Kengeleni

[05:48] Mercy: Amkeni. Jana nimeshinda kanisani na kile kitabu cha ubatizo, wino umefifia kama chai ya majani ya juzi. Toka 1875 mpaka 1885 nimepata kina Tomasi wanne na hakuna hata mmoja ambaye mkewe ni Persis. Msome msipite tu

[05:51] Mercy: Na pale pa jina la baba na mama pako wazi ukurasa mzima. Mtu ametolewa kwenye jahazi la watumwa na manowari ya Waingereza akaletwa Freretown, kijiji cha misheni cha walioachwa huru, babake atajulikana vipi. Wameweka umri wa kukisia na jina la aliyembatiza, basi

[07:20] Davi: Tomasi wanne?? huyo babu alikuwa na matawi kama benki

[07:21] Mercy: Davi sijacheka

[07:31] Mama Tabu: Amina 🙏🙏

[08:02] Sila: Si uangalie sensa tu. Roda alisema huko kwao amempata babu ya mumewe, nyumba aliyokaa, kazi yake, mpaka kijakazi wao kaandikwa

[08:09] Mercy: Sila sensa gani? Kenya hii Waafrika hatukuhesabiwa sawasawa mpaka 1948. Kabla ya hapo walihesabu Wazungu na Wahindi, sisi tunakisiwa kwa kodi ya vibanda, vibanda vingapi zidisha watu wangapi. Na hiyo ya 48 wametoa jumla, hutaona jina la mtu. Na babu mwenyewe alikuwa ashakufa

[08:10] Sila: Sawa mwalimu

[08:44] Mercy: Watu 31 grupuni, tiki za bluu naziona

[11:40] Roda Leicester: Samahani nilikuwa zamu ya usiku. Ile niliyoiona ni sensa ya 1921, huku Uingereza hufungua baada ya miaka 100 kwa hivyo imetoka 2022 na kila mtu kajaa humo kumtafuta bibi yake. Makaratasi ya wamishenari wa CMS, ile misheni ya Kianglikana iliyoanzisha Freretown, ndio yako chuo kikuu cha Birmingham, kutoka kwangu ni saa moja kwa treni. Lakini nikifika niombe nini? Ni maboksi kwa maboksi

[11:46] Mercy: Mungu akubariki. Omba barua za Freretown na Rabai kuanzia 1875. Anza na mchungaji Price, yeye ndiye aliyekuwa na wale Waafrika wa Nasik kule India kabla ya kuja kuanzisha Freretown, na wao wakaja wakawa walimu na makatekista hapa. Babu ni Mbombay, ndio hao Waafrika waliotoka India, hilo tunalijua, kwa hivyo tafuta Tomasi kwenye watu wa Nasik

[12:30] Shangazi Eda: Tunalijua nani? Nyinyi wa Kengeleni ndio mnalijua. Sisi wa Rabai hatukuambiwa habari za Bombay, sisi ni watumwa watoro tu mkitukuta kwenye harusi

[12:31] Davi: Mimi mniweke Bombay jamani nina haki ya biriani

[12:31] Sila: 😂😂😂

[12:33] Davi: na sherwani

[12:34] Mercy: Shangazi tafadhali hayo ya harusi yaliisha

[12:36] Shangazi Eda: Yaliisha kwako uliyekaa hema la mbele. Na mkitaka kumjua babu muulizeni Stefano ile bahasha ya kaki iko wapi. Karatasi ya babu aliichukua kwa kesi ya shamba akasema wakili anaitaka wiki mbili. Hiyo wiki ya pili nikiwa na mimba ya Rebeka na Rebeka sasa ana watoto watatu

[12:52] Baba Mdogo Stefano: Ujumbe huu umefutwa

[12:53] Davi: Nimeusoma 🙈

[13:05] Baba Mdogo Stefano: Sikuingia grupu hili kutukanwa. Karatasi nilimpa wakili na wakili akafariki, mlitaka nimfukue? Ile kesi nilihangaika nayo peke yangu nikipanda na kushuka korti, Eda ulichanga shilingi mia tano na risiti ukaomba

[13:06] Mercy: Haya jamani karatasi yenyewe iliandikwa nini, kuna aliyeisoma?

[13:40] Mama Tabu: Ilikuwa Kiingereza na chini kuna maandishi ya Kiarabu au ni mhuri sikumbuki. Nani atakuja na mashuka ya chama kesho?

[15:15] Mercy: Mama Tabu mashuka tutaongea inboksi

[20:14] Bibi Naomi (Kevi): Ni Kevi. Nilikuwa namsomea Bibi meseji zenu, ameniambia niandike vile anavyosema nisipunguze

[20:22] Bibi Naomi (Kevi): "Mercy usijiumize macho. Babu yangu Bombay hakuijua. Alitoroka shamba la bwana wake Malindi akaingia Rabai kwa miguu, na jina lake Feruzi. Tomasi alipewa pale alipobatizwa, ukubwani. Karatasi ile ilitolewa Rabai siku moja kwa watu wengi, bwana wake akalipwa riale ishirini na tano. Mama yangu akinionyesha alikuwa anafunga mlango kwanza. Hadithi ya Bombay nimeianzisha mimi. Wakati namwoza mamako, wale wakwe walikuwa wanauliza asili, nami nikasema Bombay. Eda mwanangu, ile siku ya harusi nilisikia walivyowaita, na nilinyamaza."

[20:23] Bibi Naomi (Kevi): Amesema basi

[21:06] Sila: Shikamoo Bibi

[21:07] Davi: Shikamoo Bibi

[21:10] Roda Leicester: Shikamoo Bibi 😢

[21:31] Shangazi Eda: Nimesikia mama.

[22:02] Mercy: Nimekaa nikafikiria. Kama ni hivyo basi hiyo ni ile siku ya tarehe 1 Januari 1889, Mackenzie wa Kampuni ya Kiingereza aliwalipa mabwana na watoro waliokuwa misheni wakapewa hati za uhuru, ni watu elfu moja mia nne na ushei. Rabai wakati huo ilikuwa mikononi mwa William Jones, na Jones mwenyewe ndiye Mbombay, ndiye aliyewapokea. Kumbe nilikuwa kwenye kitabu sicho! Roda acha Price, angalia barua za 1888 na 89, kama kuna orodha tafuta Feruzi wa Malindi

[22:03] Roda Leicester: Feruzi watakuwa mia

[22:04] Mercy: Ndio maana tunataka kitabu cha Rabai, wabatizwa wakubwa kuanzia 89, Tomasi aliyekuwa Feruzi, na ndoa yake na Persis. Jumamosi hii twende. Saa mbili Kengeleni, matatu mpaka Mazeras halafu boda. Shangazi Eda wewe unajulikana pale kanisani, utatufungulia?

[22:05] Mercy: Nani anakuja? Nauli na chai mia nne nne, M-Pesa yangu mnayo

[22:19] Sila: Mimi niko kama sitakuwa kazini

[22:20] Davi: Naja. Kwani sasa biriani imekufa?

[22:48] Baba Mdogo Stefano: Yule wakili ana mtoto wake yuko Changamwe, ofisi ya babake alihamisha. Sisemi iko. Nitapita Alhamisi nimuulize kuhusu bahasha

[22:50] Mercy: Baba Mdogo nikusindikize?

[22:51] Baba Mdogo Stefano: Nitaenda mwenyewe

[23:15] Mercy: Shangazi Eda?

[05:37] Mercy: Shangazi umeona meseji yangu?

[09:12] Mama Tabu: Nimetuma mia nne Mercy, mia mbili ni ya shuka

[09:58] Shangazi Eda: Jumamosi nina mazishi Mazeras. Nitaona. Kevi, Bibi ameamkaje?