Borrichia inaoza na kulala, nifanyeje?

Mkazi_Galveston: Wakuu, salaam. Niko Galveston, Texas, uwanja wangu unapakana na kinamasi cha chumvi. Nataka kujaza ukingo kwa Borrichia frutescens, ile ya jamii ya alizeti yenye majani ya kijivu. Vipandikizi vinaoza kabla ya kutoa mizizi. Michache iliyoshika inarefuka kisha inalala. Udongo ni mboji na mchanga, mbolea kila mwezi. Nimwagilie maji ya chumvi?

Kitalu_Pwani: Hapana mkuu. Mmea huu unavumilia chumvi, hauihitaji, na kipandikizi kisicho na mizizi chumvi inakikausha. Kinachoozesha ni mboji. Changanya mchanga wa chengachenga na perlaiti (zile chembe nyeupe nyepesi za vitaluni), nusu kwa nusu. Kata ncha ya tawi lisilo na ua, sentimita 10 hadi 15, chini kidogo ya fundo (pale majani yanapotokea), kisha pukuta majani ya chini. Usifunike kwa nailoni: majani yana vinyweleo vinavyoshika unyevu, ukungu haukawii.

Bamvua: Vipandikizi ni kujitesa tu. Mwezi Machi gawa shina la chini ya ardhi: kipande cha sentimita 15 chenye mizizi na chipukizi, fukia sentimita 5. Toa kwenye mmea wako au nunua kitaluni, usichimbe kinamasi cha umma.

Mahali nako muhimu. Panapofikiwa na maji kila siku ni pa nyasi ya Spartina alterniflora. Wewe panda juu yake, panapofikiwa na bamvua tu (maji makuu ya mwezi mpevu na mwandamo), jua la kutwa. Mche uliokuzwa kwa maji yasiyo na chumvi uzoeshe kwanza: gramu 5 za chumvi kwa lita wiki ya kwanza, 10 ya pili, 15 ya tatu. Bahari yenyewe ina kama 35.

Mkazi_Galveston: Asanteni. Na hivi vinundu kwenye ncha za matawi?

Kitalu_Pwani: Hiyo ni kazi ya usubi, Asphondylia borrichiae. Jike hutaga kwenye ncha, funza wanakulia ndani ya kinundu. Naitrojeni ya mbolea inawaongeza, na ndiyo hiyo hiyo inayorefusha matawi mpaka yanalala. Acha mbolea kabisa. Dawa usipulize, utaua nyigu wadogo wanaowamaliza funza hao. Vikikukera, kata vile ambavyo bado havina matundu; kwenye matundu wadudu wameshatoka.

Bamvua: Acha sentimita 60 hadi 90 kati ya mche na mche, miche itajaa yenyewe. Upande wa bustani zika kizuizi cha plastiki, sentimita 30 kwenda chini, la sivyo utang'oa machipukizi yake kwenye nyasi za uwanja kila mwaka.